Kung'oa

Ilinoki Jumamosi, katikati ya Ziwa Winnebago:
mlio mmoja mkavu, kama sufuria iliyotupwa
na mtu aliyechoka na jikoni,
kisha moshi, kisha kimya, na Tausi akiuliza
kama tumefika.

Tulivutwa hadi gatini na mzee wa Menasha.
Hakutaka pesa. Alitaka tu kutusimulia
jinsi yake ilivyokufa mwaka juzi.

Nyumbani nikachomoa kijiti cha oili.
Chai ya maziwa.
Si mfano wa chai. Chai, yenye povu,
ungeiandaa na vitumbua.
Nikajua maji yamepita ndani,
nikajua na yalipopitia, na mwezi, karibu hata siku.

Oktoba, zamu za usiku zilipofuatana,
niliifunika mashua turubai, nikaikaza kamba
kwa mafundo ya kuonyesha watu,
na sikuzifungua zile plagi mbili za shaba
za kutolea maji kwenye bloku.
Dakika tano. Spana moja.
Januari ya Oshkosh ikaingia,
maji yakawa barafu, barafu ikataka nafasi,
na chuma hakijui kusogea kumpisha mgeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walitufunza.
Hawakututajia ufa unaojichora gizani,
mwembamba usioingiza ukucha,
unaongoja kiangazi ndipo useme.

Fundi wa gatini alitaja bei.
Nikamwomba airudie, nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga.
Hakikunipiga.

Basi ikawa gereji yetu.
Nhia Lor wa nyumba ya pili akaja na winchi ya mnyororo
na fremu ya boriti aliyoiunga mwenyewe.
Imewahi kubeba kulungu wa kilo tisini, alisema.
Injini ni kilo mia mbili.
Tukatazamana. Tukaongeza boriti.

Tulianza na mguu wa propela, kisha eksozi, kisha mipira ya maji.
Tausi nikampa waya:
kila mmoja ukifunguka, kipande cha utepe, na jina.
Kiswahili chake ni cha simu za Jumapili,
kwa hiyo utepe unasema HUYU. MWENZAKE.
NYEKUNDU WA JUU. SIJUI. SIJUI WA PILI.
Nilitaka kusahihisha ngeli, waya si mtu,
nikaona vidole vyake vinavyoushika kila mmoja
kama anamvusha barabara.
Nikaacha.

Bolti moja ya nyuma ilikataa.
Niliipaka mafuta, nikaibembeleza, nikaigonga,
mwishowe nikaitukana kwa Kizigua,
lugha ambayo bolti za Wisconsin hazijazoea.
Ikalegea.

Halafu mnyororo: tik, tik, tik,
na ile maiti nzito ikaanza kuinuka
ikidondosha chai yake sakafuni.
Iliponing'inia juu ya ukingo nikauliza, sasa tunaipeleka wapi?
Popote, akasema Nhia. Haiendi popote. Shika trela.

Tukaisukuma mashua.
Ikatoka chini ya injini yake polepole,
ikarudi nyuma hadi juani, nyepesi, pua chini,
kama mtu aliyetua mzigo
na bado hajui asimame vipi.

Ndani ilibaki ikining'inia, jino na mizizi yake.
Ubavuni tobo la kupitisha ngumi,
na ncha ya konrodi ikichungulia
kama kidole gumba kilichotoboa soksi.
Tausi akaingiza mkono. Ukatoka mweusi hadi kwenye kiwiko.
Itapona?
Hii, hapana.

Nhia alikuwa anakunja mnyororo.
Sijui kwa nini, nikainama, nikazitafuta
zile plagi mbili za shaba.
Nikazifungua. Dakika tano, spana moja.

Yakatoka maji, kijiko kimoja.